UZI: Hataza, kesi za makampuni ya dawa, na kwa nini jeneriki huchelewa kufika Kisumu

Mfamasia_Kondele (mwenye uzi)

Wadau, juzi kwenye uzi wa bei za dawa kuna mtu aliandika kwamba jeneriki ni "feki za Wahindi" na watu wakampigia makofi. Mimi nauza dawa Kondele, hapa Kisumu. Maneno hayo nayasikia kwenye kaunta kila wiki, na mara nyingi anayeyasema ndiye huyohuyo anayeniambia, "Daktari, nipe za siku tatu kwanza, zingine nitarudi." Harudi. Kwa hivyo nimeamua kuandika kwa kirefu. Nitaweka sehemu mojamoja nikipata nafasi, maana niko kazini.

Shika pakiti ya dawa ya presha. Juu kuna jina kubwa la rangi, hilo ni la biashara. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna losartan potassium, miligramu 50. Hizo herufi ndogo ndizo dawa yenyewe. Geuza pakiti utaona aliyetengeneza, nambari ya bechi na tarehe ya kuisha. Jeneriki ni pakiti nyingine yenye herufi ndogo zilezile na kiasi kilekile, na Bodi ya Famasia na Sumu imeisajili. Feki ni kitu kingine kabisa: haina usajili, haijulikani ilikotoka, na ndani pengine ni unga wa muhogo. Mtu akivichanganya hivi viwili hufanya fujo, na mtaona huko mbele kwamba Bunge letu lenyewe liliwahi kuvichanganya.

Sasa kwa nini jeneriki isiwepo tangu siku ya kwanza? Ni hataza, au patenti kama wengi tunavyosema. Chini ya TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za wavumbuzi, mvumbuzi hupewa angalau miaka 20 tangu siku alipopeleka ombi. Ndani ya muda huo hakuna mwingine anayeruhusiwa kutengeneza, kuuza wala kuingiza dawa hiyo bila idhini yake. Saa huanza kuhesabu dawa ikiwa bado maabara, kwa hivyo inapofika dukani miaka mingi imeshaliwa na majaribio. Ndiyo maana makampuni hupigania kila mwezi uliobaki.

Na hili wengi hawalijui: hataza ni ya nchi. Ya Marekani haina nguvu Kisumu. Kampuni ni lazima iisajili KIPI, taasisi yetu ya hataza kule Nairobi, au ipitie ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, na kuitaja Kenya kwenye ombi. Dawa nyingi zilizo kwenye rafu zangu sasa hivi hazina hataza yoyote hapa nchini.

Jamaa_wa_Milimani

Mimi niko upande mwingine kidogo. Kampuni inachoma pesa miaka na mikaka, dawa nyingi zinafeli, moja inafaulu. Ukiwanyang'anya hiyo moja, ni nani atatafuta dawa ya ugonjwa wako kesho? Hizi vitu hazidondoki kutoka mbinguni.

Mfamasia_Kondele

Hoja nzito hiyo mkuu, sitaikwepa. Nitaifikia kwenye dawa ya TB.

Sehemu ya pili. Mwaka 2000, ARV (dawa za HIV) za aina tatu kwa mgonjwa mmoja ziligharimu kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mwaka. Februari 2001, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla, Mumbai, akatangaza kwamba atawauzia Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) mchanganyiko wa namna hiyo kwa dola 350 kwa mwaka. Wengine walidhani anatafuta sifa. Alichokuwa nacho ni sheria. Sheria ya hataza ya India ya 1970 haikulinda dawa yenyewe, ililinda njia ya kuitengeneza tu. Ukigundua njia yako mwenyewe, wewe ni halali. Viwanda vya India vikajifunza kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka nchi ilipolazimika kubadili sheria tarehe 1 Januari 2005 kwa ajili ya TRIPS.

Huo mwaka wa 2001 ulikuwa na mambo. Aprili, makampuni 39 ya dawa yaliyokuwa yameishtaki serikali ya Afrika Kusini tangu enzi ya Mandela, 1998, yaliondoa kesi baada ya kuaibika duniani kote. Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani. Novemba, mawaziri wa biashara wakakubaliana Doha kwamba TRIPS isizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Na huku kwetu, MSF wakaanza kutoa ARV katika hospitali ya Homa Bay.

NyarAlego

Homa Bay ya wakati huo usiniambie. Sisi wa rika hili tunakumbuka mazishi Ijumaa, mazishi Jumamosi, fundi wa majeneza ndiye alikuwa na kazi ya uhakika kijijini.

Shangazi yangu ni mmoja wa waliowahi dawa. Yuko, analima, anagombana na wakwe. Siku hizi ni TLD, ARV tatu ndani ya kidonge kimoja kwa siku. Akishachukua chupa kliniki, akitoka tu getini anamimina vidonge kwenye kitambaa na kufunga fundo, chupa anaitupa. Sababu? Kwenye matatu chupa ikilia ndani ya mkoba, abiria wote wanageuka.

Swali langu kwako daktari: hiyo TLD ina hataza au haina?

Mfamasia_Kondele

Iliwekewa hataza, dada. D ya mwisho ni dolutegravir, mali ya ViiV Healthcare. Ila mwaka 2014 ViiV waliingia makubaliano na Medicines Patent Pool, shirika la Geneva linalokusanya leseni za dawa na kuwagawia watengenezaji wa jeneriki. Kufikia 2017 bei ya TLD ikatangazwa kuwa kama dola 75 kwa mwaka, na mwaka huo Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuanza kutumia jeneriki ya dolutegravir. Agosti 2023 Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, TB na malaria, wakatangaza bei iko chini ya dola 45 kwa mwaka. Mwaka huo pia kiwanda cha Universal Corporation, hapo Kikuyu, kikapata kibali cha WHO kuitengeneza, na shehena yake ikaja kununuliwa na Global Fund kwa ajili ya Msumbiji.

Kwa hivyo shangazi anameza dawa iliyowekewa hataza. Ugomvi haupo, kwa kuwa leseni ipo.

Mzee_Kibuye

Sasa hii stori ya feki iliingia wapi?

Mfamasia_Kondele

Mzee wangu, hapo ndipo penye utamu. Sehemu ya tatu.

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Nia haikuwa mbaya. Betri, wembe, sabuni, kalamu, kila kitu sokoni kilikuwa na pacha wake. Shida ni namna kifungu cha 2 kilivyoeleza maana ya kughushi: kutengeneza, bila idhini ya mwenye haki, bidhaa inayofanana na yake, haki hiyo ikiwa inalindwa Kenya "au kwingineko". Hilo "kwingineko" lilileta balaa. Nimesema hataza ni ya nchi. Sasa hapa dawa ambayo haina hataza Kenya ingeweza kuitwa ghushi kwa sababu kuna mtu ana cheti chake Ulaya. Kifungu cha 32 kikaifanya biashara hiyo kuwa jinai, cha 34 kikawapa maafisa wa forodha uwezo wa kukamata mzigo.

Kama mnafikiri huo ulikuwa woga wa bure, kumbukeni yaliyotokea Uholanzi wakati huohuo. Desemba 2008 forodha yao ilizuia losartan iliyokuwa ikipita tu hapo kutoka India kwenda Brazil. Mapema 2009 wakazuia abacavir, dawa ya HIV, iliyokuwa njiani kwenda Nigeria. Kule ilikotoka ni halali, inakokwenda ni halali, inakamatwa stendi.

Basi mwaka 2009 Wakenya watatu wanaoishi na virusi, Patricia Asero Ochieng, Maurine Atieno na Joseph Munyi, wakaenda Mahakama Kuu. Ombi namba 409 la 2009. Hawakusubiri dawa zikamatwe kwanza. Walisema sheria hii ikitumika kama ilivyoandikwa, siku moja tutafika kliniki tuambiwe mzigo uko Mombasa, umezuiwa. Aprili 2010 mahakama ikasimamisha vifungu hivyo visitumike kwa dawa za jeneriki, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akatoa hukumu: vifungu vya 2, 32 na 34 vinatishia haki ya uhai, utu na afya, yaani ibara za 26, 28 na 43 za Katiba ya 2010.

Serikali ilijitetea kwamba ndani ya kifungu cha 2 kulikuwa na maneno ya kulinda jeneriki. Jaji akaona hayatoshi, yana utata, na mgonjwa hawezi kuachiwa maisha yake yategemee jinsi afisa wa bandarini atakavyoyasoma. Hukumu hii husomwa vyuo vikuu vya mbali, na mimi hukutana na wauzaji wa dawa hapahapa mjini ambao hawajawahi kuisikia. Hilo huniudhi, nisiwafiche.

Wakili_Mtaani

Niongeze kidogo upande wangu. Sheria yetu ya 2001 ina meno kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 58(2), kikisomwa na kanuni ya 37, kinasema haki za mwenye hataza haziifuati bidhaa iliyokwisha kuingia sokoni kihalali katika nchi nyingine. Maana yake unaweza kuagiza dawa hiyo kutoka kule inakouzwa bei ya chini na mwenye hataza asiwe na la kukufanya. Kuna mabishano kuhusu mipaka ya neno "kihalali", hasa kama mtengenezaji kule alikuwa na leseni au la, lakini mlango upo.

Na mlango huo nusura ufungwe kimyakimya. Mwaka 2002, ndani ya mswada wa marekebisho madogomadogo, yalipenyezwa maneno ya kudai idhini ya mwenye hataza. Wanaharakati waligundua, wakapiga kelele, yakaondolewa mwaka uleule. Tangu hapo kila nikiona mswada wa "marekebisho mbalimbali" huusoma mpaka mwisho.

Halafu kuna kifungu cha 80: Waziri anaweza kuamuru hataza itumike kwa manufaa ya umma bila idhini ya mwenyewe, kwa kulipa fidia. Mimi naamini kifungu hicho hufanya kazi hata kikiwa ndani ya ala. Mwaka 2004 kampuni ya Cosmos ya Nairobi ilipata leseni za hiari, yaani zilizotolewa na wenye hataza wenyewe, za kutengeneza ARV kutoka GlaxoSmithKline na Boehringer Ingelheim. Hiari huja haraka pale mtu anapojua sheria ina njia nyingine.

Boda_ya_Busia

Mulembe wadau. Mimi niko hapa mpakani. Naambiwa Uganda hawajali hataza za dawa. Kwa hivyo nikivuka nikajaza begi, Wakili, sina kosa?

Wakili_Mtaani

Una kosa ndugu yangu, tena kubwa 😂

Uganda iko kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na nchi hizo zimeruhusiwa kutolinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Tanzania na Rwanda vilevile. Kenya haimo kwenye orodha hiyo, kwa hivyo sisi tunafungwa na TRIPS kamili. Ndiyo maana kiwanda cha Luzira, Kampala, kilichoanzishwa na Quality Chemicals pamoja na Cipla, kiliwekwa pale.

Lakini begi lako halihusiani na hataza. Kuingiza dawa kunahitaji kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, na dawa yenyewe iwe imesajiliwa hapa. Hata ikiwa panadol.

Boda_ya_Busia

Sawa omera, nimeweka begi chini.

Mfamasia_Kondele

Sehemu ya nne, na hapa namjibu Jamaa wa Milimani.

TB sugu ilikuwa inatibiwa kwa sindano za miezi mingi ambazo ziliwaacha wengine viziwi. Kisha ikaja bedaquiline ya Johnson & Johnson, vidonge. Hataza ya msingi ilikuwa iishe Julai 2023. Lakini kampuni ilikuwa na maombi mengine juu ya chumvi ya dawa hiyohiyo, yaani umbo la kikemikali ambalo dawa huwekwa ndani ya kidonge, na maombi hayo yangeisogeza hataza hadi 2027. Kemikali inayoua vimelea ni ileile. Hii tabia ya kuongeza hataza juu ya hataza ndiyo inayochelewesha jeneriki kuliko hataza ya kwanza yenyewe.

Waliopinga ombi hilo kule India hawakuwa viwanda peke yao. Walikuwemo wanawake wawili waliopona TB na kupoteza kusikia kwa sababu ya dawa za zamani: Nandita Venkatesan wa Mumbai na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini. Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ikalikataa ombi. Sheria yao, kifungu cha 3(d), haikubali umbo jipya la dawa ya zamani mpaka uonyeshe inatibu vizuri zaidi, kifungu kilekile kilichoiangusha Novartis mbele ya Mahakama ya Juu ya India tarehe 1 Aprili 2013 kwenye dawa ya saratani ya damu, Glivec. Mwishoni mwa Septemba 2023, baada ya kelele nyingi, J&J wakatangaza kwamba hawatazitumia hataza hizo za ziada katika nchi 134.

Sasa mkuu, unasema wasinyang'anywe. Sawa. Miaka yao ya kwanza waliipata yote, na majaribio ya dawa hiyo yalitumia pia fedha za umma. Ugomvi ulikuwa juu ya miaka minne ya nyongeza. Mimi siwezi kumweleza mgonjwa wa TB sugu kwamba angoje 2027 kwa ajili ya chumvi.

Jamaa_wa_Milimani

Kwa hiyo ya chumvi nakubali, hapo walizidisha. Ila hataza ya kwanza naendelea kuitetea. Na hizi leseni za hiari si ndizo suluhisho basi? Kila mtu anafurahi.

Mfamasia_Kondele

Si kila mtu. Tazama lenacapavir ya Gilead, sindano ya kuzuia HIV inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Kwenye majaribio ya Afrika Kusini na Uganda, kati ya wasichana na wanawake 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani bei yake iliyotangazwa mwaka 2025 ilikuwa dola 28,218 kwa mwaka. Oktoba 2024 Gilead wakawapa watengenezaji sita leseni ya kuiuza katika nchi 120, na Septemba 2025 ikatangazwa kwamba jeneriki itauzwa kama dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Kenya imo kwenye hizo 120. Tushukuru.

Brazil, Argentina, Mexico na Peru hazimo. Na huko kote kulifanywa majaribio ya sindano hiyohiyo. Watu walijitolea wakachomwa, ramani ilipochorwa wakaachwa nje. Leseni ya hiari ni nzuri, naitumia kila siku, lakini kalamu ya kuchora ramani iko mkononi mwa mwenye dawa. Kesho Kenya ikipandishwa daraja la mapato, sijui kwa nini tutarajie kuhurumiwa kuliko Peru.

Binti_Nakuru

Daktari, naomba uguse saratani pia. Mama yangu alikuwa kwenye trastuzumab, hospitali moja ya binafsi ambayo sitaitaja. Tuliuza ng'ombe, tukauza ploti. Watu wakatuambia hataza ilishaisha zamani. Mbona bei haikuanguka kama ya ARV?

Mfamasia_Kondele

Pole sana dada. Waliwaambia kweli, Ulaya iliisha 2014. Lakini hiyo si dawa ya kuchanganya kemikali. Inakuzwa ndani ya seli hai, na anayetaka kutengeneza ya kufanana nayo lazima ajenge kiwanda cha aina hiyo na afanye majaribio yake mwenyewe kuthibitisha ulinganifu. Wanaoweza ni wachache, kwa hivyo bei hushuka kwa kutambaa. Kwenye vidonge wanajitokeza viwanda kumi, wanashindana, bei inaporomoka. Ukiandikiwa tena dawa ya aina hiyo, muulize daktari wa saratani kama kuna inayofanana nayo iliyosajiliwa hapa. Wengine hawaitaji mpaka waulizwe.

Mzee_Kibuye

Na Russia je? (vijana, hiyo ni hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu). Mara ngapi watu wanaandikiwa dawa wanaambiwa wakanunue nje. Hiyo nayo ni hataza?

Mfamasia_Kondele

Hapana mzee, na ni vizuri umeuliza, maana nisingependa mtu atoke hapa akilaumu hataza kwa kila rafu tupu nchini. Amoxicillin haina hataza. Metformin haina. Dawa ya malaria ya AL ina jeneriki chungu nzima. Zikikosekana hospitali yoyote ya umma, tafuteni kwenye bajeti, kwenye madeni ya kaunti kwa KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, kwenye lori lililochelewa. Pakiti iliyoandikwa kwamba ni ya Serikali ya Kenya na haiuzwi, ukiikuta dukani, hapo napo umepata jibu lingine.

Hataza inauma kwenye dawa mpya: TB sugu, saratani, sukari, HIV. Kwa hizo za kawaida mimi sina wa kumlaumu huko Geneva kwenye TRIPS.

NyarAlego

Mtu wa kawaida atajuaje dawa yake iko kundi gani?

Mfamasia_Kondele

Kuna tovuti ya Medicines Patent Pool inaitwa MedsPaL, ni ya bure. Andika lile jina la herufi ndogo, si lile kubwa la rangi, kisha chagua Kenya. Itakuonyesha kama kuna hataza, inaisha lini, na kama kuna leseni. Haina kila dawa duniani, lakini zile kubwa zimo. Ukiona hakuna hataza na bado duka linauza ya jina kubwa peke yake, muulize mfamasia jeneriki iko wapi. Yeye ndiye wa kujibu hapo.

Boda_ya_Busia

Nimejaribu na dolutegravir. Inaonyesha leseni ipo. Sasa naangalia ya sukari ya mzee wangu, mtandao wa hapa unasuasua. Nikipata nitaweka hapa mnisaidie kuisoma.

Wakili_Mtaani

Weka. Ukiona tarehe mbili au tatu tofauti kwa dawa moja usishtuke, tazama ipi ni ya dawa yenyewe na ipi ni ya chumvi. Niite nikiwa online, jioni baada ya saa mbili.